Likasi: Nani anashika ufunguo wa mashine yenye majina ya wakimbizi?

LIKASI – Kaye yenye majina inafika asubuhi katika kibanda cha fotokopi. Kijana anaiandika ndani ya ordinatere, ile ambayo jirani zetu wa Tanzania wanaita kompyuta, mstari kwa mstari: jina la baba, jina la mama, hesabu ya watoto, kijiji walichotoka, namba ya telefone, kartie wanakolala sasa. Saa sita orodha imekwisha. Inawekwa kwenye flashi. Flashi inakwenda kwa shefu wa kartie, kisha inakwenda ofisi ya msaada, jioni inashikwa na mtoto anayetaka kunakili nyimbo. Na orodha yenyewe inabaki pale kibandani, ndani ya mashine ambayo kila mteja anaigusa.

Jambo hilo linajulikana Kikula, Panda, Shituru na katikati ya mji. Hakuna anayeshangaa tena, na ubaya unaanzia hapo.

Wazee wanasema: mali bila daftari hupotea bila habari. Familia iliyokimbia vita, iwe imetoka Mitwaba, Pweto, Manono ao Kivu, mali yake ya kwanza ni jina lake kwenye daftari. Jina likipotea, jetoni inapotea. Jetoni ikipotea, unga na bashe vinakwenda kwa mwingine. Mama anaambiwa: “Jina lako halionekani.” Hakuna anayemwambia kwamba flashi ilikula virusi, kwamba mashine ilizimika umeme wa SNEL ulipokatika, kwamba hapakuwa na nakala ya pili. Anaambiwa tu arudi wiki ijayo.

Kuna hatari nyingine kubwa kuliko kupotea kwa jina: jina kuonekana na mtu asiyefaa kuliona. Likasi ni mji unaojua maana ya mtu kuulizwa asili yake. Wazee wanakumbuka mwaka 1992 na 1993, familia za watu wenye asili ya Kasai zilipofukuzwa katika nyumba zao, zikalala kwenye gare na katika masomo zikingojea treni. Mji wenye kumbukumbu kama hiyo haufai kuchezea orodha inayosema nani ametoka wapi na analala nyumba gani.

Sheria nayo iko. Tangu tarehe 13 Machi 2023 nchi ina kanuni ya mambo ya dijitali, ordonansi-sheria namba 23/010, na ndani yake kuna sehemu juu ya kulinda habari za watu. Lakini sheria iliyoandikwa Kinshasa haifungi mlango wa ordinatere ya Likasi. Mlango unafungwa na mtu, kwa vyombo. Vyombo hivyo vipo, na havina bei. Kinachokosekana ni nia.

PROGRAMU INATOKA WAPI?

Swali la kwanza la kumuuliza yeyote anayeshika mashine yenye majina ya watu ni hili: programu zilizomo zilitoka wapi?

Mara nyingi jibu ni la aibu. Windows ilinakiliwa kutoka kwa rafiki. Office ilifunguliwa kwa “kraki”, yaani programu ndogo ya kuvunja kufuli. Antivirusi nayo ni ya kraki. Hapo inafaa kusimama na kufikiri. Mtu anaweka mlinzi wa nyumba, na mlinzi huyo ameletwa na mwizi. Mtu aliyetengeneza kraki hajulikani jina, hajulikani nchi, na programu yake inaomba ruhusa ya mwenye nyumba ili ifanye kazi. Inapewa. Kuanzia saa ile hakuna anayeweza kusema kwa hakika nini kinafanyika ndani.

Mashine za namna hiyo mara nyingi zinazimwa zisipokee marekebisho, kwa kuogopa kwamba kampuni itagundua nakala si halali. Matokeo yake dunia iliyaona tarehe 12 Mei 2017. Virusi iliyoitwa WannaCry ilipita katika ordinatere zaidi ya 200,000 katika nchi karibu 150, ikafunga mafaili na kudai pesa. Hospitali za Uingereza zilirudisha wagonjwa nyumbani. Dawa ya tundu lile ilikuwa imetolewa na Microsoft mwezi Machi, miezi miwili kabla. Waliopigwa ni wale ambao mashine zao hazikupokea dawa.

Sasa kuna jambo jipya. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza kulinda Windows 10. Wapo wanaoweza kujiandikisha wapate mwaka mmoja wa nyongeza, lakini mwenye nakala ya kraki ataandikisha nini? Na Windows 11 inakataa mashine nyingi za zamani. Mashine za zamani zinazofika Likasi kutoka Ulaya mara nyingi ni za namna hiyo. Kwa hiyo kila ofisi ya mji huu inayosema “tutabaki hivi hivi” inachagua nyumba ambayo kila mwezi inafunguliwa dirisha moja zaidi, na hakuna fundi wa kulifunga.

GHALA YENYE MUHURI

Kuna njia nyingine. Si mpya, na si ya siri.

Mwaka 1991 mwanafunzi wa Helsinki, Finland, aitwaye Linus Torvalds, alitoa kiini cha mfumo wa ordinatere na kuacha watu wote wakisome na kukirekebisha. Kiini hicho ndicho Linux. Mwaka 1993 Ian Murdock alianzisha Debian, kundi la watu wa kujitolea wanaokusanya Linux pamoja na maelfu ya programu na kuzigawa bure. Mwaka 2004 Mark Shuttleworth, mzaliwa wa Afrika Kusini, alitoa Ubuntu, iliyojengwa juu ya Debian. Jina hilo halihitaji kutafsiriwa hapa: ubuntu ni utu. Kwa miaka kadhaa, hadi 2011, mtu wa nchi yoyote aliweza kuomba sidi ya Ubuntu na kuletewa kwa posta bila kulipa.

Anayesema “Linux ni kitu cha wageni” atoe telefone yake mfukoni. Ikiwa ni Android, ndani yake kuna kiini cha Linux.

Lakini bei ya bure siyo sababu kubwa. Sababu kubwa ni namna programu inavyoingia ndani ya mashine. Katika Debian ao Ubuntu, mtu hatembei kwenye intaneti akiokota programu njiani. Kuna ghala. Debian 13, iliyotolewa tarehe 9 Agosti 2025, ina ghala lenye vifurushi zaidi ya 69,000: vya kuandika barua, vya hesabu, vya kukata sauti za radio, vya kuchora ramani. Chombo cha kuchukua vifurushi kinaitwa APT. Mkubwa wa mashine anaandika:

sudo apt update

na mashine inauliza ghala: kuna nini kipya? Kisha:

sudo apt upgrade

na dawa zote zilizotolewa zinaingia, si za mfumo tu bali za kila programu iliyotoka ghalani. Akitaka chombo kipya, kwa mfano Audacity ya kukata sauti, anaandika:

sudo apt install audacity

APT inajua yenyewe kwamba kifurushi hicho kinahitaji vingine, inavileta vyote na kuvipanga. Siku kifurushi hakitakiwi tena, kinaondolewa kwa neno moja. Na mkubwa akitaka kujua vyote vilivyomo, anaandika dpkg -l na orodha inajitokeza: jina, toleo, maelezo. Nani katika vibanda vya kraki anaweza kutoa orodha kama hiyo?

Zaidi ya hayo, ghala lina muhuri. Orodha kuu ya ghala inatiwa saini kwa ufunguo wa Debian. Ndani ya orodha hiyo kuna alama za orodha ndogo, na ndani ya orodha ndogo kuna alama ya kila kifurushi, kama alama ya kidole. Mtu akibadili hata herufi moja njiani, alama haifanani, na APT inakataa. Mfuko wa unga wa msaada unafika ukiwa umeshonwa. Ukionekana umefunguliwa na kushonwa upya, mama mwenye akili hauchukui. Kwa nini basi mashine yenye majina ya familia yake ipokee mfuko uliopasuka?

“MEGA NI GHALI”

Wapinzani wana maneno yao, na mengine yana uzito. La kwanza: mega ni ghali na intaneti ya Likasi inasuasua. Ni kweli. Ni kweli pia kwamba intaneti inaweza kukatwa kabisa. Baada ya uchaguzi wa tarehe 30 Desemba 2018, nchi nzima ilikaa karibu siku 20 bila intaneti.

Lakini hoja hiyo inaisaidia Linux. Ghala la Debian linaweza kunakiliwa. Diski moja ya nje inabeba sehemu kubwa ya vitu ambavyo mji huu unahitaji, na kutoka diski hiyo mashine mia moja zinaweza kupokea programu bila kununua hata mega moja. Ofisi yenye mashine kumi inaweza kuweka apt-cacher-ng katika mashine moja: kifurushi kinashuka mara moja tu kutoka intaneti, zile tisa zinakichukua kwa jirani yao.

Na kwa mashine isiyo na intaneti hata kidogo kuna chombo kinaitwa apt-offline. Kinafanya kazi namna mama anavyomtuma dereva Lubumbashi. Mashine ya Likasi inaandika orodha ya vitu inavyohitaji, orodha inawekwa kwenye flashi. Flashi inasafiri kilometa 120 hivi hadi mahali penye intaneti nzuri. Mashine ya huko inasoma orodha, inapakua kila kitu na kukifunga katika faili moja. Flashi inarudi, mashine ya nyumbani inapokea. Alama za ghala zinakaguliwa, kwa hiyo aliyebeba flashi hawezi kuchanganya mchanga ndani ya unga.

Jirani wamekwisha kufanya zaidi. Nchini Kenya, KENET, mtandao unaounganisha vyuo vikuu, unahifadhi nakala za maghala ya Linux ndani ya nchi. Nchini Uganda RENU inafanya vilevile. Kongo nayo ina mahali ambapo kampuni za intaneti zinakutana ili habari za ndani zisizunguke Ulaya kwanza: Kinshasa, Lubumbashi, Goma. Kinachobaki ni mtu wa kuweka ghala hapo. Na hata kabla ya hapo, Chuo Kikuu cha Likasi, UNILI, kinaweza kuwa na diski ya ghala ambayo kila mkaaji anaweza kuja kunakili. Hiyo si kazi ya mamilioni ya dola. Ni diski, mashine moja, betri, na wanafunzi wawili wanaojua wanachofanya.

“NI VIGUMU, NA SI LUGHA YETU”

La pili: watu hawaijui. Wamezoea Windows, na maneno ya kuandika kwenye skrini nyeusi yanatisha.

Yule anayeandika orodha ya wakimbizi hahitaji skrini nyeusi. Anahitaji jedwali, kurasa, na kitufe cha kuchapisha. LibreOffice inampa hivyo, kwa Kifaransa kama alivyozoea, na inafungua mafaili ya Word na Excel. Wiki moja inatosha azoee. Skrini nyeusi ni ya msimamizi, na msimamizi si lazima awe kila mtu.

Juu ya lugha, Waswahili walikwisha kujibu. Mwaka 2004 katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mradi wa Kilinux ulitoa Jambo OpenOffice, vyombo vya ofisi vilivyotafsiriwa kwa Kiswahili. Hawakuomba ruhusa ya kampuni yoyote, kwa sababu programu huria inamruhusu kila mtu kuitia lugha yake. Kama Dar es Salaam waliweza mwaka 2004, hakuna sababu kijana wa Likasi aambiwe leo kwamba mambo hayo si ya kwao. Na ubaguzi huo unachekesha zaidi katika mji huu. Shaba imetoka Shituru kwa miaka mingi kwenda kutengeneza nyaya za dunia. Kobalti ya Katanga iko ndani ya betri za telefone na ordinatere. Mji unaotoa madini ya mashine haufai kuishi kwa funguo zilizoibwa ili kuzifungua mashine hizo zinaporudi zikiwa zimechakaa.

“HATA LINUX INAWEZA KUTIWA SUMU”

La tatu ndilo zito, na wahubiri wa Linux hawapendi kulijibu. Mwezi Machi 2024 iligunduliwa kwamba mtu aliyejificha nyuma ya jina la bandia alikuwa ameingiza mlango wa siri ndani ya xz, chombo kidogo cha kubana mafaili kinachotumika karibu katika kila Linux. Alikuwa amefanya kazi kwa uvumilivu zaidi ya miaka miwili hadi akaaminiwa. Basi, wanasema wapinzani, muhuri unafaa nini?

Inafaa kutazama namna alivyokamatwa. Mhandisi aitwaye Andres Freund aliona kwamba kuingia kwenye mashine yake kunachelewa karibu nusu sekunde. Akatafuta sababu. Kwa kuwa maandishi ya programu yako wazi, aliweza kuyafuata hadi mwisho, na tarehe 29 Machi alitangaza mbele ya dunia nzima. Sumu ilikuwa imefika katika matoleo ya majaribio ya Debian. Toleo imara, lile ambalo ofisi inashauriwa kutumia, halikuguswa. Tukio lile linaonyesha kwamba hakuna nyumba isiyoweza kuingiliwa. Linaonyesha pia kwamba nyumba yenye macho mengi inamwona mwizi mapema. Kraki ya kibandani haina macho yoyote. Mwizi wake anaweza kukaa miaka kumi, akila na kulala.

KOSA LA WAHUBIRI

Sasa upande wa pili nao usikie. Kuna watu wanaokuja na Linux kama wanaokuja na dini. Wanafanya mafunzo ya siku tatu hotelini, wanapiga picha, wanaacha mashine tano zenye mfumo mpya, wanaondoka. Neno la siri la mkubwa wa mashine linaondoka nao, ao linabaki kwa fundi mmoja ambaye baada ya miezi miwili anapata kazi kwenye mine ya Kolwezi. Mwaka unapita. Hakuna aliyeandika apt upgrade hata mara moja. Umeme umekatika mara mia moja. Diski imekufa. Halafu watu wanasema: “Mnaona? Linux ni mbaya.”

Mashine ya Linux isiyo na msimamizi nayo ni nyumba isiyo na mlinzi, hata kama kufuli lake ni zuri zaidi. Kusimamia mashine ni kazi, kama kusimamia ghala la unga. Ina siku zake na daftari lake, na inafaa kulipwa.

Kazi yenyewe inaelezeka kwa maneno machache. Kila anayegusa mashine awe na jina lake na neno lake la siri, wasitumie wote mlango mmoja. Mamlaka ya mkubwa wa mashine yapitie sudo, kwa sababu sudo inaandika nani alifanya nini na saa ngapi. Neno kuu la siri lijulikane na watu wawili, liandikwe pia na kufungwa katika bahasha ndani ya sanduku la kamati, ili mmoja akihama mji usibaki nje. Diski ifungwe kwa fumbo tangu siku ya kuweka mfumo. Kisakinishi cha Debian kinatoa nafasi hiyo, na mwizi wa ordinatere atapata chuma tu, hatapata majina. Marekebisho yafanywe kila wiki, yaandikwe kwenye kaye: tarehe, jina la aliyefanya, kilichobadilika. Na nakala ziwe mbili, katika nyumba mbili tofauti, kwa sababu moto na wezi hawapigi hodi. Mara moja kwa mwezi nakala ifunguliwe ili kuona kama inasomeka. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa ni matumaini tu.

Kuhusu umeme, Likasi iko karibu na mabwawa ya Mwadingusha na Koni juu ya mto Lufira, na bado taa zinazimika. Basi kazi ya majina ifanywe kwenye ordinatere ya kubebeka yenye betri nzima, ao kwenye mashine yenye betri ya pembeni. Mfumo wa mafaili wa Linux unajua kujirekebisha baada ya kuzimika ghafla, lakini haurudishi ukurasa ambao haukuhifadhiwa. Hilo linamhusu mwandishi na kitufe chake.

Na anayetaka kuweka Debian kwenye mashine iliyozeeka sana ajue jambo moja: Debian 13 haitoi tena kisakinishi cha mashine za biti 32. Nyingi za zamani zitapona, lakini si zote. Muuzaji anayesema “hii itafanya kazi yoyote” aonyeshe kwanza.

KIJANA WA KIBANDANI SI ADUI

Katika mambo haya yote kuna mtu anayelaumiwa bure: kijana wa kibanda. Yeye hakutunga sheria, hakugawa mashine, hakuagiza orodha iandikwe kando ya barabara. Anauza kile kinachoombwa. Ofisi zikimletea kaye ya majina bila kumpa mashine salama, kosa ni la ofisi.

Kijana huyo huyo ndiye anayeweza kuwa msimamizi wa kwanza wa mji. Anajua kufungua mashine, anajua hasira ya wateja, anajua namna ya kufanya kazi bila umeme. Leo analipwa franka chache kuweka Windows ya kraki, na baada ya miezi mitatu mteja anarudi na virusi. Anaweza kulipwa kila mwezi kutunza mashine ambazo haziugui kila mara. Miongoni mwa wakimbizi pia wamo walimu, wauguzi, vijana waliomaliza masomo ya sekondari, wanaokaa bila kazi huku wageni wanaletwa kuandika majina yao. Kwa nini msimamizi wa mashine ya wakimbizi asiwe mkimbizi?

KINACHODAIWA

Madai si mengi, na kila moja lina mwenyewe.

Mashirika na ofisi zinazoorodhesha familia zikome kupeleka kaye za majina kwenye vibanda vya barabarani. Wawe na mashine yao, yenye mfumo halali unaopokea marekebisho, iwe Linux ao Windows iliyolipiwa. Kama hawana pesa ya kulipia, wanajua sasa kwamba ile ya bure ipo. Na katika kila bajeti yenye mstari wa “ordinatere” uwepo mstari wa “msimamizi”.

UNILI na masomo ya ufundi yafungue ghala la mji: diski yenye Debian na Ubuntu, siku moja kwa wiki ya kunakili, na mafunzo ya miezi, si ya siku tatu, yanayomalizika kwa mwanafunzi kutunza mashine ya kweli mbele ya mwalimu.

Kamati za wakimbizi nazo zisikubali tena jibu la “jina halionekani”. Zinayo haki ya kuuliza maswali matatu, na mtu yeyote anaweza kuyakariri bila kujua kitu juu ya ordinatere. Moja: nani ana neno la siri la mashine hii, na wako wangapi? Mbili: programu zake zilitoka wapi, na zilirekebishwa mara ya mwisho tarehe gani? Tatu: nakala ya pili iko nyumba gani, na nani aliifungua mara ya mwisho?

Ofisi inayotunza vizuri itajibu kwa dakika mbili, kaye ikiwa wazi mezani. Ofisi itakayokasirika imekwisha kujibu.

Kesho asubuhi kaye nyingine itafika kibandani, na majina mengine yataandikwa mstari kwa mstari. Mama mwenye jina hilo atakuwa amesimama nje, mtoto mgongoni, akisubiri. Kabla hajalitaja jina lake, anayo haki ya kuuliza litalala wapi usiku huu, na nani anashika ufunguo.